Mashine Hazikunywa

Kamyo ilikuwa imeshaanza kutembea nilipoifikia, na Jean Bosco alikuwa juu yake, ameketi katikati ya bidoni za mawese, amefunikwa kitenge cha binti yake mpaka shingoni. Dereva hakutaka kusikia habari ya kusimama. Mazutu, mafuta ya kumfikisha Bujumbura, alikuwa ameitafuta wiki nzima, na kamyo inayonguruma bila kwenda ni mazutu inayomwagwa chini. Kwa hiyo ilikuwa inatambaa kwenye njia ya mchanga, ikikwepa mashimo, nami nikikimbia kando yake, telefone nimeinua juu kama mtu anayetafuta rezo. Na kweli rezo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

“Venanti,” Jean Bosco aliniita kutoka juu. “Umetuma?”

“Nimetuma. Inasubiri.”

“Inasubiri nini tena?”

“Inasubiri ithibitishwe. Mashine za huko zinaandika.”

“Mimi nilidhani hiyo kitu yako iko na mbio kuliko benki.”

“Iko na mbio. Ni leo tu.”

Haikuwa leo tu. Nilikuwa nimechagua ada ya chini kabisa, ile ya watu wasio na haraka, kwa sababu nimezoea kubana. Ukituma bitkoini kwa ada ya chini, inakaa foleni nyuma ya vitu vya matajiri mpaka wao wamalize. Hilo nalijua, na asubuhi ile nililijua pia.

Jean Bosco alitoa mkono chini ya kitenge. Mkono ulikuwa umekonda, saa inazunguka juu yake kama bangili.

“Shamba ni lako, mimi nimeshasema,” aliniambia. “Tutakunywa nikirudi.”

“Murakoze, muzee. Uende salama.”

“Mwambie dada yako Jovita asiniombe hodi tena. Apite tu.”

Kamyo ikashika lami, ikaongeza mwendo kuelekea Rumonge, nami nikabaki nimeshika nyonga. Miguu yangu imetembea sana, nyonga ndiyo inayodai malipo.

Nieleze hilo shamba lilikuwa nini. Ni kipande cha michikichi pale Kigwena, kati ya barabara na msitu wa serikali, mahali ambapo nyani huja kula ngazi, matunda yake, kabla yako. Lilikuwa la baba yangu. Mama alizikwa humo, alikufa akimzaa Jovita. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, tulikimbia, mimi mtoto mwenye akili kidogo, Jovita mgongoni kwangu, tukavuka ziwa kwenda Kongo. Kutoka pale nimekaa Baraka, nimekaa Uvira, nimekaa Kigoma, nimekaa kambi za Tanzania ambazo nyingine zimeshafungwa. Shule niliisoma vipande vipande: mwaka mmoja kwa Kifaransa, miwili kwa Kiswahili, halafu hapana, halafu tena kidogo. Tuliporudi nyumbani tukiwa watu wazima, tulimkuta Jean Bosco. Hakuwa mwizi. Aliwekwa pale na wakubwa wa wakati ule, akapanda, akazaa, akazeeka. Tume ya ardhi ikaamua tugawane, nusu kwake, nusu kwetu. Wakapanda miyenzi katikati kuwa mpaka, na ule mstari wa miyenzi ukapita hivi kwamba kaburi la mama likabaki upande wake.

Jean Bosco hakuwahi kulima juu ya kaburi. Hilo lazima niliseme. Lakini kila mara dada yangu alipotaka kulifagia, ilibidi apige hodi kwa mtu mwingine ili amfikie mama ambaye hakumwona hata siku moja. Miaka yote hiyo. Jovita hakulalamika, ila alikuwa akirudi kutoka kule anaosha ufagio kwa nguvu kuliko ufagio unavyohitaji.

Kwa hiyo Jean Bosco alipougua tumbo, na mtoto wake Dismasi akakwama masomo huko Kampala kwa kukosa karo, na baba akasema anauza nusu yake na mimi ndiye wa kwanza kuambiwa, nilijua bitkoini yangu ilikuwa inasubiri nini.

Watu walinicheka kwa hiyo bitkoini. Kule Kigwena mimi nachaji telefone za watu kwa plake ya jua iliyo juu ya bati langu. Telefone zinalala kwenye meza, kila moja na karatasi ya jina, na mwenye telefone akija kuichukua hakosi neno.

“Muzee wa Rezo, leo umekuwa tajiri?”

“Leo imeshuka.”

“Na jana?”

“Jana ilipanda.”

“Kumbe ni kama nyani wa msituni. Anapanda, anashuka, na ngazi zako amekula.”

Aliyependa mchezo huo zaidi ni Taha, mfanyabiashara wa mawese wa pale Rumonge, ambaye babu yake alitoka Omani na duka la familia liko sokoni tangu zamani. Taha hununua mawese wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, anayaweka kwenye depo, anauza msimu mwingine. Mimi nilimwambia, “Unachofanya na mawese ndicho nachofanya na bitkoini.” Akajibu, “Ndiyo, Venanti, lakini yangu ikikosa mnunuzi nakaangia samaki.”



Mimi sikuingia humo kwa tamaa. Niliingia kwa kuchoka. Nilikuwa kijana kule Zaire mwaka ule walipoua noti wakati wa Krismasi. Nilikuwa na noti za kubeba mizigo mwaka mzima, na baada ya sikukuu zilikuwa za kuwashia moto. Nimebeba shilingi kambini ambazo huruhusiwi kuwa nazo. Na hapa kwetu juzi juzi, walipobadilisha noti kubwa, niliona mama mmoja analia mbele ya dirisha la benki kwa sababu foleni ilifungwa kabla hajafika. Mtu aliyeona karatasi zikifa mara nyingi namna hiyo anaanza kutafuta kitu ambacho mkubwa hawezi kuamka asubuhi akakiua. Alinifundisha mtu mmoja wa Kigoma, muuza redio, wakati nilipokwenda kununua betri. Tangu hapo nilikuwa natoa kidogo kidogo kwenye pesa za kuchaji na za ngazi, ninanunua vipande vidogo sana vya bitkoini. Maneno ya siri ya kufungulia pochi nimeyakariri, nayasema baada ya rozari ili nisisahau. Padri hajui, na Mungu nadhani amezoea.

Watu walipouliza bitkoini ni nini hasa, niliwaeleza kwa mfano wa agatutu. Kwetu shamba halinunuliwi kwa franga peke yake. Mnunuzi analeta pombe, majirani wanaitwa, mwuzaji anasema mbele yao kwamba ameuza na amepokea, watu wanauzunguka mpaka kwa miguu, halafu pombe inapita. Aliyekunywa amekuwa shahidi. Hawezi kesho kusema hakujua, na watoto wake hawawezi kusema baba hakujua. Hiyo pombe ndiyo agatutu. Karatasi za ofisi ya komini zinakuja baadaye, zinaandika tu kile ambacho matumbo ya watu yanajua tayari. Basi nilikuwa nasema: “Bitkoini ni agatutu ya dunia nzima. Nikikupa, mashine elfu na elfu zimekunywa. Hata gavana hawezi kuzitapisha.”

Nilikuwa nalipenda neno langu hilo.

Jovita alikuja akanikuta barabarani siku ile kamyo ilipoondoka. Alikuwa ametoka kuchuma ngazi, mikono ina mafuta.

“Amekwenda?”

“Amekwenda. Shamba ni letu.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele yangu. Na dereva alikuwapo.”

“Nani alikunywa, kaka?”

“Dada, mtu anakwenda kupasuliwa tumbo, unataka nimpe pombe?”

“Si yeye wa kunywa. Wengine. Nilikuambia jana, nunua hata dumu moja ya urwarwa, ita Speciosa wa baraza, ita watu wa kinu cha mawese. Dumu moja.”

“Atarudi, tutafanya vizuri. Na mashine zimeshaona.”

Jovita aliangalia telefone yangu, halafu barabara.

“Zimekwisha kuona?”

“Bado inasubiri,” nilisema.

Ilithibitishwa jioni, wakati kuku wanaingia. Nilimwandikia Dismasi kule Kampala, akajibu kwa kidole gumba kilichosimama, kile cha kwenye telefone. Mimi nilikichukua kuwa ni risiti.

Jean Bosco hakurudi akiwa hai. Walimpasua, akakaa siku kadhaa anaongea vizuri, anaomba chai, halafu usiku akaenda. Binti yake Scovia, mwalimu wa Rumonge, ndiye aliyekuwa naye hospitali. Alimleta nyumbani, tukamzika, na mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto kwa sababu ya nyonga. Sikusema neno la shamba msibani. Kuna watu wanaosema, mimi siwezi. Nikasubiri matanga yaishe, na nilipokuwa nasubiri, Scovia alikuwa anatafuta mnunuzi wa shamba ili alipe deni la hospitali, akampata Taha.

Niliposikia nilikwenda kwa Scovia, shuleni, wakati wa mapumziko. Alinisikiliza akiwa ameshika chaki.

“Muzee Venanti, mimi sisemi kuwa wewe ni mwongo,” aliniambia. “Papa aliniambia mengi kule hospitali. Aliniambia mbuzi gani ni wa nani. Aliniambia nani apewe koti lake. Hili hakusema.”

“Labda alisahau.”

“Labda. Lakini mimi nitawaambia nini watu? Kwamba Papa aliuza shamba na hakuna aliyekunywa?”

Basi jambo likafika kwa Speciosa. Yeye ni mjumbe wa baraza la koline, kitongoji chetu, na siku nyingine zote anauza ndagala wa ziwani, kwa hiyo baraza linafanyika anapomaliza kuanika. Tulikaa kwenye uwanja wa kinu cha mawese, juu ya mapipa matupu, mikono ya kila mtu inanuka mafuta. Scovia alikaa upande mmoja na Taha aliyekuja kusikiliza anachonunua. Mimi nilikaa upande wa pili na Jovita. Watu wa kinu waliacha kazi ili wasipitwe.

“Venanti,” Speciosa alianza, “hiyo telefone yako inasema nini?”

“Inasema nilituma.”

“Ulimtumia nani?”

“Dismasi, mtoto wa Jean Bosco. Ndiye baba yake alisema atumiwe, kwa sababu dola za kutuma Kampala hazipatikani.”

“Jina ya Dismasi iko wapi?”

“Jina haliandikwi. Iko namba hii ndefu.”

“Na jina yako?”

“Nayo haiandikwi.”

“Na jina ya shamba?”

Mmoja wa wanaume wa kinu alijibu kwa niaba yangu.

“Basi hiyo mashine ilimwona mtu bila jina akimpa mtu bila jina kitu bila jina.”

Walicheka. Hata Jovita nadhani alicheka kidogo, aliinamisha kichwa.

“Mashahidi wako elfu na elfu,” nilisema. “Dunia nzima. Hakuna anayeweza kufuta.”

“Walikunywa?” Speciosa aliuliza.

“Mashine hazinywi.”

“Basi hazikushuhudia. Ziliona tu. Hata mbuzi wa baba yangu aliona siku naolewa.”

Tukampigia Dismasi, sauti ikawekwa juu ili wote wasikie. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima. Alisema ndiyo, alipokea kitu kutoka kwa muzee Venanti, na Mungu ambariki, kilimwokoa. Speciosa akamuuliza kilikuwa cha nini. Kule Kampala gari zilipiga honi muda mrefu.

“Papa alisema muzee atanisaidia,” Dismasi alisema. “Habari za shamba wanajua dada yangu na watu wa huko. Mimi niko mbali.”

Sikumchukia. Angesema vingine angekuwa anamnyang’anya dada yake pesa ya kulipia hospitali iliyomtibu baba yao. Mimi mwenyewe nimekuwa mbali miaka mingi, najua mtu wa mbali anavyojibu.

Dereva wa kamyo naye akaitwa, kwa sababu nilimtaja.

“Uliona nini?” Speciosa alimuuliza.

“Niliona muzee anakimbia na telefone juu. Nilidhani amesahau kumrudishia mtu chaji.”

“Ulisikia neno?”

“Mama Speciosa, ile injini unaijua. Hata mimi mwenyewe sijisikii.”

Speciosa alipangusa mikono kwenye kitenge. Alisema kwamba yeye kwa roho yake anaamini Jean Bosco aliniahidi. Lakini roho yake haiwezi kwenda kortini. Kama nataka, niende Rumonge, nitafute avoka wa kunitetea, kesi ianze, na shamba lenye kesi hakuna atakayelinunua. Scovia aliposikia hivyo alifumba macho. Kesi za ardhi kwetu wote tunazijua. Watu wanazirithi kama sufuria.

Usiku sikulala vizuri, si kwa hasira, kwa uchovu. Asubuhi Taha alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu ya telefone. Hakutania. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka telefone yake ichajiwe ingawa kwake umeme ulikuwapo.

“Mzee Venanti, tuongee kama watu wazima,” alisema. “Mimi nikinunua, nitaleta agatutu. Wewe ni jirani, chupa itafika kwako. Ukiinywa, umekubali, yameisha. Ukiikataa, mimi naondoka, sinunui kesi. Lakini Scovia hatakaa na deni la hospitali. Atampata mwingine, mtu wa mbali, mwenye kuleta wanaume wake na pombe yake. Huyo hatakuuliza.”

“Na wewe unaniuliza nini?”

“Nakuuliza unataka nini. Usiniambie shamba. Shamba nimeshaliona huwezi kulipata.”

Nilifikiri juu ya pesa yangu, ambayo ilikuwa imeshaliwa Kampala, na juu ya karatasi za avoka. Halafu Jovita, aliyekuwa ndani anapepeta mchele, akasema kwa sauti bila kutoka.

“Mimi nataka kupita bila hodi.”

Taha aligeuka kuelekea mlangoni. “Kupita kwenda wapi, dada?”

“Kwa mama.”

Kumbe Taha hakujua. Alikuwa amelizunguka shamba lile na watu wake kupima, na wakamwambia pale pana mawe tu. Jovita alitoka na ungo mkononi, akamwonyesha kwa kidole, juu ya miyenzi, ile michikichi mitatu iliyoinamiana.

“Pale,” alisema.

Taha aliinuka akatazama kule. “Kwetu nasi kaburi haliuzwi,” alisema. “Kaburi, na njia ya kulifikia. Hicho naweza.”

“Utaweza leo,” nilisema. “Na watoto wako?”

“Unataka niandike?”

“Nataka uliseme kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Utaje ni kaburi la nani, na njia inapita wapi, na ni ya Jovita. Miyenzi ipandwe hapo hapo kuzunguka. Halafu wote wanywe juu ya hilo.”

Taha aliniangalia, na ule utani wake ukarudi kidogo pembeni ya mdomo.

“Na mashine zako? Tuziite?”

“Mashine ziache zipumzike,” nilisema.

Siku ya agatutu watu walikuja wengi kuliko waliokuja kusikiliza shauri. Bia ilikuwa adimu mwezi ule, lakini Taha ana njia zake, alipata kreti, na urwarwa wa madumu, na kwa ajili yake na watu wa nyumbani kwake alileta fanta, maana wao hawanywi pombe. Kwetu hilo halina tatizo. Kinachotakiwa ni kwamba kitu kipite kooni mbele ya wengine.

Scovia alisema ameuza na amepokea. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu, inafika mpaka nyuma. Taha akasema kwamba kaburi la mama yake Venanti na Jovita halimo katika alichonunua, wala njia kutoka barabarani mpaka pale, upana wa watu wawili wakipishana. Speciosa alimwambia arudie, kwa sababu watu wa kinu walikuwa wanaongea. Akarudia. Wanaume wawili wakachimba, Jovita akakabidhi vijiti vya miyenzi alivyokuwa amevikata mwenyewe tangu asubuhi, vikapandwa kuzunguka kaburi na kandokando ya njia. Tukauzunguka mpaka wote kwa miguu, mpaka ule mpya, kundi zima, na nyani wakitutazama kutoka kwenye msitu.

Halafu chupa zikafunguliwa. Zilipita kwa Speciosa, kwa wanaume wa kinu, kwa dereva wa kamyo, ambaye safari hii alikuja mapema na akasimama karibu sana asije akaulizwa tena alichosikia. Ilipofika kwangu watu walipunguza kuongea. Taha mwenyewe ndiye aliyeishika. Alikuwa ameniletea fanta, si bia, sijui kwa nini. Labda alitaka tunywe kitu kimoja.

“Karibu, jirani,” alisema.

Nilifikiria kamyo. Nilifikiria kwamba dumu moja la urwarwa lingetosha, dumu moja na Speciosa mmoja, na kamyo kuchelewa kidogo. Nilifikiria ile alama inayozunguka kwenye telefone ikisema inasubiri, inasubiri. Upande wa pili wa miyenzi mipya Jovita alikuwa amesimama ndani, kando ya kaburi, hajaomba hodi kwa mtu, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anabana udongo kwa mguu kuzunguka kijiti kimoja kilicholegea.

Nikanywa. Fanta ilikuwa ya moto, imekaa juani tangu asubuhi.

“Mmeona?” Taha aliuliza watu.

“Tumeona, na tumekunywa,” Speciosa alisema, na wengine wakarudia.

Yaliyowapata wote ni haya. Jean Bosco yuko makaburini, upande wa juu, na Scovia amemjengea kwa saruji. Scovia alilipa hospitali, bado anafundisha Rumonge. Dismasi aliiuza bitkoini siku ile ile aliyoipata, akamaliza mwaka wake wa shule, sasa anaendesha pikipiki huko huko Kampala. Hajanipigia. Bei ilipanda sana baada ya pale, halafu ikashuka, halafu sikuendelea kuangalia kila siku. Taha aliikata michikichi ya zamani, isipokuwa ile mitatu inayoinamiana, akapanda ya kisasa, inamfika mtu magotini. Speciosa hakuchaguliwa tena kwenye baraza, anauza ndagala. Dereva aliegesha kamyo kwa kukosa mazutu, analima mihogo Kizuka. Miyenzi ilishika yote ila kijiti kile kimoja, Jovita akakipanda upya. Anafagia kaburi Jumapili baada ya misa, na plake ya jua nimemwachia yeye, telefone za watu sasa zinachajiwa naye.

Mimi niko Kigoma, natafuta upya pesa iliyoliwa Kampala, karibu na mwalo wa Kibirizi, kwenye kibanda cha yule muuza redio, ambaye amekufa na mkewe amenipangisha meza. Nyonga ni ile ile. Nina vipande vidogo vya bitkoini vilivyobaki, na nikipata kidogo naongeza. Ada nalipa ya kati.